Igeuze Tumbo Juu: Kuzielewa Modeli za Boti za Kuteremshia Wanajeshi

Boti ninayoizungumzia ni modeli ya boti ya Higgins ya Marekani, na inaenea mikononi. Ina urefu wa sentimita 31 na nusu hivi, na ukiitazama kwa juu haina mvuto mkubwa: sanduku la kijivu lisilo na paa, omo butu, na mlango mmoja mbele unaolala chini kama mlango wa pantoni ya Kigamboni. Wageni wakifika nyumbani huipita na kuulizia manowari iliyo kando yake. Hapo mimi huitoa rafuni, naigeuza tumbo juu na kuwaomba wapitishe kidole kuanzia omo, yaani mbele, kurudi tezi, yaani nyuma. Kidole kinateleza juu ya omo lenye umbo la kijiko, kinafuata mkuku, halafu ghafla kinatumbukia kwenye mfereji uliochongwa ndani ya tumbo lenyewe. Rafadha imelala humo, imejificha kama kobe aliyeingiza kichwa gambani.

Mfereji huo ndio uliofanya boti hii iwe boti. Mlango wa mbele ndio unaopigwa picha, lakini mlango ulikuwa wa kushuka tu. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kujinasua mchangani na kurudi melini kuchukua watu wengine, na kazi hiyo ilifanywa na sehemu ambazo nyingi ya modeli hazizioneshi kabisa. Anayeanza kukusanya modeli hizi hukutana na msitu wa vifupisho, skeli za kila aina na majina yanayotumiwa ovyo. Nikiufyeka msitu huo, nitakuwa narudi kila mara kwenye tumbo na tezi.

Nimekulia Tanga, si mbali na Ras Kazone, na kwangu habari hii inaanzia hapo. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India ili wauteke mji. Chombo cha kazi hiyo hawakuwa nacho. Askari walipakiwa kwenye matishari, yale yale ya kushushia shehena kutoka melini, wakavutwa mpaka karibu na mikoko, kisha kila mmoja akajitosa na bunduki yake na kutafuta nchi kavu gizani. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa kama 1,000 tu, wakawashinda. Nyuki wa Tanga wamesifiwa sana kwa ushindi ule, na kweli waliuma. Ila mtu akisoma yaliyotokea siku ya kuondoka, ataona tabu nyingine iliyokuwapo tangu mwanzo: kupakia jeshi kwenye matishari huku adui yuko nyuma yako hakuwezekani bila kuacha mali. Ziliachwa bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000.

Waingereza hawakuisahau tabu hiyo ya ufukweni. Agosti 1915, kule Suvla katika rasi ya Gallipoli, Uturuki, walileta matishari mapya yenye injini, ubavu wa kuzuia risasi na daraja refu lililochomoza mbele. Askari waliyaita kwa jina la mdudu kwa sababu lile daraja lilifanana na vipapasio vyake. Baada ya vita hiyo fedha zikawa haba, na jambo likalala.

Lililoliamsha upande wa Marekani, kwa furaha yangu, lilikuwa modeli. Mwaka 1937 luteni kijana wa kikosi cha Marini cha Marekani, Victor Krulak, aliwaona Wajapani wakiteremka karibu na Shanghai kwa boti ambazo omo lake lilifunguka na kulala chini. Boti zile ziliitwa Daihatsu. Akazipiga picha kwa mbali, akaandika taarifa na kuituma Washington. Aliporudi kwao aliikuta taarifa yake kabatini, imeandikwa juu yake maneno ya kumdharau kama mwendawazimu fulani aliyeko China. Hakunyamaza. Alitengeneza kwa mkono wake modeli ya boti ya Kijapani, akaitembeza kwa wakubwa, na hatimaye wazo likamfikia Andrew Higgins wa New Orleans. Kwa hiyo anayeshika modeli ya boti ya Higgins ameshika kitu ambacho babu yake alikuwa modeli.

Higgins alianza na biashara ya mbao. Wateja wake wa boti walikuwa wawindaji na watafuta mafuta wa mabwawa ya Louisiana, watu waliohitaji chombo cha kupita penye magogo, magugu na kina cha kufika magotini. Boti yake aliyoiita Eureka ilikuwa na gogo zima la msonobari omoni, sehemu ngumu kuliko zote, hivyo iliweza kuparamia gogo au fungu la mchanga bila kupasuka. Nyuma, rafadha iliwekwa kwenye ule mfereji isiguse chini. Boti ilipanda mchangani kwa kasi, kisha ikarudi kinyumenyume bila kuvunja kitu. Wanajeshi waliitaka, ila toleo la kwanza halikuwa na mlango. Askari alipaswa kuruka ubavuni na mzigo wake wote, mwili ukiwa wazi kwa risasi. Mei 1941, kwenye Lake Pontchartrain, Higgins alijaribu boti yenye mlango omoni. Ikashusha lori, kisha ikashusha wafanyakazi wake 36 waliojifanya askari. Kufikia mwisho wa Vita Kuu ya Pili, zaidi ya boti 20,000 za aina hiyo zilikuwa zimeundwa, kwake na kwa waundaji wengine waliopewa ramani.

Herufi zinasema nini

Karibu kila sanduku la modeli limeandikwa herufi tatu au nne. Zikianza na LC, hicho ni chombo cha kuteremshia, na kwa kawaida kilibebwa juu ya meli kubwa au kilivuka maji mafupi. Zikianza na LS, hiyo ni meli kamili inayovuka bahari kwa nguvu zake. Herufi zinazofuata zinataja mzigo. A ni ya shambulio, yaani askari wa miguu wa mbele kabisa. VP ni magari na watu. M ni mitambo, na T ni vifaru.

Hivyo LCVP ni boti ya Higgins yenye mlango mpana: urefu mita 11, upana mita 3.3, askari 36 au jipu moja na watu 12, na mabaharia wanne wa kuiendesha. LCA ni ya Uingereza na ilibeba watu karibu idadi hiyo hiyo. LCM(3) ni ya chuma, mita 15, na ilibeba kifaru kimoja aina ya Sherman. LST ni meli ya mita 100 iliyobeba vifaru kwa makumi tumboni mwake na kufungua omo lake kama milango ya ghala.

Mkanganyiko mkubwa uko kwenye jina Higgins. Zilikuwapo boti zake tatu za askari, na wauzaji huziita zote kwa jina hilo moja. LCP(L) haina mlango. LCP(R) ina mlango mwembamba katikati ya omo, na pande zake mbili zina vishimo vya bunduki za rashasha. LCVP ndiyo yenye mlango wa upana mzima, na rashasha zake zimehamia nyuma, kwenye vishimo viwili vya duara tezini. Ndiyo maana modeli ya shambulio la Dieppe, Ufaransa, la mwaka 1942 inayoonesha LCVP inanisumbua moyo. Pale zilitumika LCP(L), na vijana waliokwenda nazo waliruka ubavuni.

Kosa la pili limenipata mwenyewe. Nilinunua boti kwa mtu, tena kwa bei ya kuuma, iliyoandikwa kuwa ni Higgins ya Normandy, yaani ya uteremshaji wa 1944 kwenye pwani ya Ufaransa. Nilipoifungua nikakuta mabenchi matatu marefu ndani, moja katikati na mawili ubavuni, na kibanda kidogo cha mshika usukani mbele upande wa kulia. Hiyo ni LCA. Ndani ya LCVP hakuna mabenchi, askari walisimama; na mshika usukani wake yuko nyuma upande wa kushoto, amesimama wazi. LCA ina milango miwili ya chuma nyuma ya ule wa kulala, na watu walitoka kwa foleni. LCVP ikilaza mlango inabaki wazi upana wote, hata jipu linapita. Ukizifahamu alama hizo nne, hakuna lebo itakayokudanganya tena.

Nilikasirika kwa siku kadhaa, halafu nikaanza kuipenda LCA ile. Ilibuniwa na kampuni ya Thornycroft, ikaundwa kwa mbao za mkangazi zilizopishanishwa tabaka mbili, ikavishwa mabamba ya chuma. Ililala chini majini, na injini zake mbili za Ford zilifungwa zisipige kelele ili ifike kabla ya kusikika. Tena si kweli kwamba Wamarekani wote waliofika Normandy tarehe 6 Juni 1944 walishuka kwa boti za Higgins. Waliopanda genge la Pointe du Hoc walifika kwa LCA, na baadhi ya wimbi la kwanza la Omaha, mojawapo ya fukwe za Normandy, vilevile. Kwa hiyo aliyeniuzia alikosea boti, ila ufukwe aliupatia.

Skeli, na kinachopotea

Skeli ni hesabu ya kugawanya tu. Chukua urefu wa boti halisi, gawa kwa namba ya pili. LCVP ya mita 11.05 kwa skeli ya 1/35 inatoka sentimita 31.6. Kwa 1/32 inakuwa 34.5, na kwa 1/72 inakuwa 15.3. Ukishuka hadi 1/350, boti nzima na watu wake 36 ni sentimita 3 na kidogo. Kwa 1/1200, skeli ambayo Wamarekani waliitumia kwa modeli ndogo za kuwafundisha wanajeshi kutambua meli, LCVP ni milimita 9, kama punje ya mchele.

Chagua skeli kwa kuangalia kitu kingine utakachoweka pamoja nayo. Skeli ya 1/35 ndiyo ya vifaru na askari wa plastiki, na ndiyo sababu Italeri walitoa LCVP ya skeli hiyo, na Trumpeter wakatoa LCM(3) inayomeza kifaru cha Sherman cha skeli hiyo hiyo. Skeli za 1/72 na 1/76 ni za watoto wa zamani. Airfix waliuza LCM na Sherman yake kwenye sanduku moja dogo, na wazee wengi wa Uingereza walianzia hapo. Usichanganye 1/72 na 1/76 ukidhani ni kitu kimoja. Tofauti haionekani kwenye boti peke yake, ila weka kifaru cha 1/72 ndani ya boti ya 1/76 na utaona kinavyobana mlangoni.

LST haiwezi kuingia katika skeli ya vifaru. Kwa 1/35 ingekuwa na urefu wa karibu mita 2.9, zaidi ya kitanda. Ndiyo maana AFV Club waliitoa kwa 1/350, ambapo inatoka sentimita 28 na nusu na kukaa vizuri rafuni.

Kuna jambo skeli haikuambii: kama modeli ina tumbo au haina. Nyingi zimekatwa usawa wa maji ili zikae juu ya bahari ya kuchora. Kwa manowari kubwa hilo silioni kuwa hasara kubwa. Kwa boti ya kuteremshia ni kama kununua saa isiyo na mashine. Wahenga wa pwani walisema tezi na omo, marejeo ngamani, nami sijapata mahali pengine ambapo methali hiyo inafaa kama hapa. Kabla ya kulipa, omba picha ya chini. Tazama kama mfereji upo, kama rafadha iko ndani yake au imening'inia nje, na kama mkuku unaishia na kigingi cha kuilinda.

Plastiki, chuma, mbao

Seti za plastiki huja vipande, na thamani yake imo katika kazi ya mkono wako. Modeli zilizokamilika, kama LCVP ya 1/32 ya Forces of Valor, huja zimepakwa rangi na askari ndani, na mkusanyaji huzitaka zikiwa na sanduku lake. Za resini hutoka mafungu madogo kwa watengenezaji wadogo. Zina undani mzuri lakini huvunjika kama biskuti. Modeli za mbao ndizo ninazozihusudu, kwa sababu boti yenyewe ilikuwa ya mbao. Ubavu wa LCVP ulikuwa plaiwudi. Ngao yake kubwa ilikuwa mlango wa chuma uleule ambao ungefunguliwa.

Hapa pana mtego kwa wachoraji. Kwa kuwa boti ni ya mbao, wengi huipaka mistari ya nyuzi za mti kila mahali. Plaiwudi iliyopakwa rangi ya kijeshi ni laini, na ukigawa unyuzi wa mti kwa 35 hauonekani tena kwa jicho. Uchakavu ulikuwa mahali palipoguswa: kingo za mlango, sakafu pale buti zilipokanyaga, na omo chini lilipopiga changarawe. Mtu aliyekaa na mashua za Tanga anajua bila kufundishwa. Rangi huondoka kwanza pale chombo kinapoburutwa.

Rangi yenyewe hutegemea bahari. Kwa Normandy, LCVP nyingi zilikuwa za kijivu; kwa visiwa vya Pasifiki utaona mabaka ya kijani. Namba za ubavuni ziheshimu, kwa sababu ni anwani. Boti iliyoandikwa PA 26 ikifuatwa na namba yake ilitoka melini Samuel Chase, na ni boti ya meli hiyo ambamo baharia mpiga picha Robert F. Sargent alisimama nyuma, asubuhi ya 6 Juni 1944, akapiga ile picha ya askari wakitembea majini kuelekea ufukwe wa Omaha uliojaa moshi. Ukibandika namba hizo unawataja watu waliokuwamo. Zibandike baada ya kujua.

Kwa modeli za zamani za aloi ya zinki, chunguza nyufa ndogo kama za udongo uliokauka. Aloi iliyochanganyika na madini ya risasi huoza kutoka ndani, na hakuna gundi itakayoirudisha. Karatasi za alama nazo hugeuka manjano zikikaa juani. Kwa joto na chumvi ya pwani yetu, rafu iwe mbali na dirisha.

Mahali ambapo Kiswahili kilifuata boti hizi

LCA huuzwa kama kitu cha Normandy, na hapo inafupishwa. Tarehe 5 Mei 1942, miaka miwili kabla, Waingereza waliteremka kaskazini ya Madagaska, upande wa magharibi wa Diego Suarez, kwa LCA hizo. Pamoja nazo ilikuja Bachaquero, meli ya mafuta iliyojengwa kwa maji mafupi ya ziwa la Maracaibo, Venezuela, ikageuzwa kubeba magari na kufunguka omoni. Ilikuwa mzazi wa LST. Tarehe 10 Septemba mwaka uleule Brigedi ya 29 ya Uingereza ilishuka Majunga, na nyuma yake ikafuata Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) ambao lugha yao ya kambini ilikuwa Kiswahili. Waliukamata mji mkuu, Antananarivo, tarehe 23 Septemba. Naiweka LCA yangu, ile niliyouziwa kwa jina lisilo lake, pamoja na ramani ndogo ya Majunga chini yake.

Na kwenye LST tazama tezi. Tumbo la meli ile lilipewa mteremko wa 1 kwa 50 ili omo liguse mchanga likiwa bado lina maji machache tu mbele yake, na matangi yake yalijazwa maji baharini kisha yakamwagwa karibu na pwani ili inyanyuke. Kabla haijagusa nchi, mabaharia waliangusha nanga kutoka nyuma na kuacha waya urefuke kadiri meli ilivyosogea. Vifaru vikishashuka, winchi ilianza kuuvuta waya ule, na meli ikajitoa yenyewe mchangani. Nanga hiyo kwa skeli ya 1/350 ni ndogo mno. Watengenezaji wengine huisahau, na wajenzi wengi huipoteza chini ya meza. Yangu ilianguka mara mbili, nikaitafuta kwa tochi nikiwa nimepiga magoti, na sasa imegandishwa tezini, waya wake mwembamba ukishuka mpaka kwenye bahari ya resini nyuma ya meli.